Mtalii Kutoka Kumbakonam

Mkono wangu ndio ulioniponza. Kila mtalii mwanamke ninayempokea pale mlangoni pa hekalu la Mailapuri, kabla hata sijamwambia jina langu, namvika kipande cha asumini nyweleni. Miaka yote ya kazi hii ya kuongoza watalii nimefanya hivyo, na mkono umeshazoea, hauniulizi. Basi Jumapili ile nikachukua asumini kwa muuza maua, nikamgeukia mgeni wangu wa kwanza, nikasema kwa bashasha, "Karibu Chennai, mama, inama kidogo," na ua likakaa kwenye kishungi chake cha mvi kabla akili haijanirudi.

Mjane. Nilikuwa nimemvika maua mjane.

Na msidhani sikujua. Nilijua vizuri sana, maana mgeni mwenyewe alikuwa Mama Visalakshi, mama yake Kathir, na Kathir ndiye mwanamume ninayempenda kiasi kwamba akikohoa tu kwenye simu, mimi usiku silali. Alishanieleza kuwa baba yake alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa kiunoni. Tangu hapo mama yake hakupaka tena tone jekundu kwenye paji la uso, wala hakuvaa ua. Kwetu ua ni la msichana na la mwenye mume. Ukimvika mjane, wengine watasema umemtukana, na wengine watasema umemwitia balaa.

"We msichana! Una wazimu?"

Huyo alikuwa shangazi yake Kathir, Dhanakodi, dada wa marehemu. Mwanamke mnene, vipini vya almasi pande zote mbili za pua, sauti ya kuitia ng'ombe. Alilichomoa lile ua kwenye nywele za wifi yake, akalifumbata ngumini.

"Unamvika maua mjane mlangoni pa Mungu? Mbele ya watu wote hawa? Au unatutafutia msiba mwingine?"

Watu waliokuwa wakivua viatu waligeuka. Kathir alisimama nyuma ya shangazi yake, amekumbatia chupa za maji. Akaniangalia. Jamani, macho yale saa ile yalikuwa yananiomba kitu kimoja tu: omba msamaha, Yalini, yaishe.

Mpango wote ulikuwa wake. Mama na shangazi wanakuja kutembea, hawajawahi kuiona Chennai, wanafika na treni ya asubuhi na kurudi kwao Kumbakonam na ya usiku. "Nitakukodi wewe uwaongoze," aliniambia. "Mama akuone kwanza, akupende hivihivi kama mtu, halafu ndiyo nimwambie." Nikamuuliza kwa nini asimwambie tu, mdomo anao. Akakuna kichwa. Sababu nilikuwa naijua, na ilikuwa na jina: Malar, binti wa shangazi Dhanakodi. Kwetu binti wa shangazi ni haki yako na wewe ni haki yake. Ukitaka kuoa nje, lazima kwanza mwenye haki aiachie. Na shangazi yule, kwa kumtazama tu, hakuwa mtu wa kuachia hata kijiko.

Kwa hiyo siku ile nilikuwa na siku moja tu ya kumpata mama mkwe, na nilikuwa nimeiharibu kabla ya kifungua kinywa.

Nikakaza roho. Nikampita shangazi, nikasimama mbele ya Mama Visalakshi.

"Mama, nisamehe kwa kukugusa kichwa bila kukuuliza. Huo ni utovu wa adabu, nimekosa. Lakini kwa ua lenyewe siombi msamaha."

"Mmesikia?" shangazi akadakia. "Mmeisikia hiyo jeuri?"

"Mama, ulianza kuvaa maua ukiwa mtoto mdogo, mume hujamjua hata kwa ndoto. Maua hukuletewa na yeye. Sasa iweje aondoke nayo?"

Mama Visalakshi alikuwa mwanamke mdogo, mweusi, sari yake rangi ya majivu imefungwa vizuri kuliko sari yoyote niliyowahi kuiona. Alinitazama. Sikuweza kusoma kitu usoni mwake. Kisha akaifumbua ngumi ya wifi yake taratibu, kidole kimoja kimoja, akalichukua ua.

"Nitampelekea mungu mama humo ndani," alisema. "Haya, tumekuja kutembea au tumekuja kugombana? Tangulia, binti, utuoneshe."

Nikatangulia. Niliongea maneno yangu yote ya siku zote, nguzo hii, bwawa lile, tausi yule wa mawe, lakini nilikuwa najisikia kama redio iliyoachwa ikilia kwenye nyumba isiyo na watu. Wale wawili walipoingia kwenye foleni ya kumwona mungu mama, Kathir akanifuata kwenye ukumbi.

"Yalini, kwa nini? Ungesema samahani tu, neno moja!"

"Nimesema samahani."

"Unajua ninachomaanisha. Shangazi sasa amekasirika, siku nzima itakuwa moto."

"Na wewe? Wewe ulikuwa wapi? Nimesimama pale natukanwa, wewe umekumbatia chupa za maji kama mtu aliyeziokota!"

Akainamisha kichwa. "Unajua alivyotulea. Baba alipokufa ndugu wote walikimbia. Yeye aliacha nyumba yake akaja kukaa na mama. Mimi nimekula mkononi mwake, Yalini. Nitamvunjia vipi heshima?"

"Sikuambii umvunjie heshima. Nakwambia umwambie ukweli." Nikamsogelea hatua moja. "Kathir, nakupenda. Nakupenda mpaka najichukia. Lakini sitakuwa mwanamke wa kufichwa nyuma ya kazi yake. Leo, kabla treni yao haijaondoka, mama yako atajua mimi ni nani. Ukisema wewe, vizuri. Usiposema, kesho usinipigie simu."

"Unanitisha?"

"Nakuaga mapema, ili usije ukasema hukuambiwa."

Alinyoosha mkono kama anataka kunishika, akakumbuka tuko hekaluni, akaurudisha. Jicho lake lilikuwa jekundu. Mh! Nilitamani nimwegemee kifuani pale pale, desturi na hekalu na kila kitu kiende huko. Lakini niliondoka. Mtu akishasema neno la mwisho, asimame nalo.

Mchana nikawapeleka kula kwenye mgahawa wa nyuma ya bwawa, mahali pa wenyeji, unakaa benchi moja na usiyemjua na chakula kinamwagwa kwenye jani la mgomba. Shangazi alikula vizuri, kwa hilo sina lawama naye. Aliposhiba akaanza.

"Binti, wewe kazi yako ndiyo hii? Kutwa nzima barabarani na wanaume wa kigeni?"

"Na wanawake pia, shangazi. Kama leo."

"Wazazi wako wanakubali?"

"Baba ndiye aliyenifundisha njia zote za mji huu. Mama ananifungia chakula."

"Mh." Akajifuta mdomo, akamgeukia wifi yake kana kwamba mimi sipo. "Malar wangu hata sokoni haendi peke yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Kathir aliacha kutafuna. Nikaona shingo yake ikikakamaa. Sikumsubiri.

"Shangazi, mimi sijitembezi," nikasema huku natabasamu. "Mimi natembeza watu. Na leo namtembeza nani vile?"

Mzee mmoja aliyekaa pembeni yetu alipaliwa na mchuzi. Mama Visalakshi akainama kwenye jani lake, na naapa niliona bega lake likitikisika. Shangazi alikuwa bado anatafuta jibu mhudumu alipokuja kuuliza kahawa.

"Nne," nikamwambia. "Moja bila sukari."

Hapo ndipo nilipojichoma, na kama kawaida yangu sikujua mpaka moshi ulipoanza. Kahawa zikaja kwenye bilauri za shaba, mhudumu akauliza ile isiyo na sukari ni ya nani, na mimi, mwongoza watalii niliyekodiwa asubuhi ile, nikaisukuma mbele ya Kathir.

Mama Visalakshi akaitazama bilauri. Akamtazama mwanawe. Kisha akanitazama mimi.

"Kathir amekuagiza kahawa saa ngapi?" aliuliza. "Nimekaa hapa, sikumsikia."

Nikatafuta uongo. Mtu wa kazi yangu hakosi uongo mdogo mfukoni. Lakini nilikuwa nimeshamwambia Kathir maneno yangu hekaluni, na sasa maneno yale yalikuwa yananidai mimi pia.

"Hakuniagiza, mama. Najua tu hanywi na sukari."

"Tangu lini unajua?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa sauti, Kathir akasema, "Tangu mwaka juzi, mama."

Aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Alikuja kuonesha wageni jengo letu, lifti ikakwama nao ndani, mimi ndiye fundi niliyeitwa. Watu walikuwa wanalia mle ndani. Yeye alikuwa anawafundisha kuhesabu kwa Kitamil. Mama, tangu siku ile sijamtazama mwanamke mwingine. Nilikuwa naogopa kukwambia. Ndiyo maana nimemleta hivi, kijanja janja. Kosa ni langu, si lake."

Ah, mwanamume wangu! Nilitazama pembeni, maana machozi yalikuwa yamefika.

"Kumbe!" Shangazi Dhanakodi akasukuma jani lake. "Kumbe tumefunga safari tuje kuoneshwa mke bila kujua! Na Malar wangu je? Malar aliyezaliwa akiitwa mke wa Kathir?"

"Shangazi, Malar ni dada yangu. Nilimfundisha kuendesha baiskeli. Siwezi."

"Huwezi! Mikono hii imekulisha, leo unaniambia huwezi!"

"Mikono hiyo nitaibusu mpaka nife," Kathir alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi, mbele ya mgahawa mzima. "Niambie nikubebe mgongoni mpaka Kumbakonam, nitakubeba. Lakini mke nimeshapata."

Hata mhudumu alisimama na ndoo yake ya mchuzi. Watu wa Chennai hawana haya kusikiliza ya wenzao, na siku ile sikuwalaumu.

Wote tulimgeukia Mama Visalakshi. Yeye alimimina kahawa yake kutoka kwenye bilauri kwenda kwenye bakuli, akairudisha, akaimimina tena mpaka ikapata povu. Akainywa yote.

"Sijawahi kuiona bahari," alisema. "Nipelekeni."

Basi. Akainuka mezani.

Ufuo wa Marina Jumapili alasiri una watu wengi kuliko mchanga. Watoto na vishada, farasi wa kukodi, wauza mahindi ya kuchoma yaliyosuguliwa ndimu na pilipili. Kathir na shangazi walibaki nyuma kwenye ukuta, wamekaa mbalimbali kama abiria wasiojuana. Mama Visalakshi alitembea moja kwa moja mpaka majini, akanyanyua sari kidogo, akaacha wimbi limpige miguuni. Akashtuka, akacheka peke yake. Nilisimama karibu naye.

"Ukiolewa utaacha hii kazi?" aliuliza bila kunitazama.

"Hapana, mama."

"Utakuja kukaa Kumbakonam?"

"Nitakuja sikukuu ya mavuno, na kila ukiniita. Lakini nitarudi."

"Kupika je?"

"Vibaya."

Akanitazama. "Husemi hata uongo mmoja wa kumfurahisha mtu mzima?"

"Leo nimeamua kutosema. Ukinikataa, unikatae mimi mwenyewe. Ukinikubali kwa uongo, nitaufanyia kazi huo uongo maisha yangu yote, na mimi nina kazi nyingine."

Wimbi jingine lilikuja. Akanyanyua sari mpaka lilipoondoka.

"Asubuhi mwanangu alinyamaza. Uliona?"

"Niliona. Iliniuma sana."

"Hata mimi. Baba yake alikuwa hivyohivyo, mzito kuanza. Utakuwa unamngoja kila akichelewa?"

"Simngoji, mama. Nitamvuta mkono."

Sijui kama alitabasamu, maana alikuwa amegeuka kuitazama bahari tena. Nilitaka kumuuliza, niambie basi, ndiyo au hapana, uniue au uniokoe. Nikajizuia. Yeye alikuwa na bahari yake ya kwanza, na mtu haharakishwi kwa hilo.

Shangazi ndiye aliyetuita. Alikuwa amesimama, mkoba kwapani, saa ameisogeza karibu na macho.

"Saa ya Rahu imeshaingia, twende stesheni tukakae. Na habari ya mchana isizungumzwe tena sasa hivi, tusilete mkosi." Rahu, sayari ya mkosi, ana saa yake kila siku, na kwetu hakuna anayeanza jambo la heri ndani yake. Jumapili inaangukia jioni. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikawa laini, laini kabisa. "Asante kwa kututembeza, binti. Habari yenu tutawajulisha tukishafika nyumbani."

Kila msichana wa Kitamil anaijua sentensi ile. Watu wa upande wa kijana hawasemi hapana. Wanakula, wanakunywa, wanashukuru, halafu wanasema watajulisha wakifika nyumbani. Hawajulishi. Dada zangu wawili waliambiwa hivyo, mmoja mara tatu.

Kathir aliijua pia. "Shangazi!"

"Nimesema nini kibaya? Tutajulisha."

Nikamtazama Mama Visalakshi. Alikuwa anakung'uta mchanga kwenye pindo la sari.

"Kwenu ni wapi, binti?" aliuliza.

"Tiruvallikeni, mama. Hapo tu, nyuma ya barabara."

"Mama yako yupo?"

"Yupo. Jumapili hatoki."

"Basi twende tukamsalimie."

"Sasa hivi?" Shangazi alijipiga kofi kifuani. "Wifi, umechanganyikiwa? Kwenda kwa wazazi wa msichana saa ya Rahu? Hata adui hamfanyii adui yake hivyo! Mje siku nyingine, mtafute mnajimu, mtafute saa njema..."

"Saa njema naijua," alisema Mama Visalakshi.

Hakupandisha sauti. Alikuwa ameusimamisha mgongo, na yule mwanamke mdogo nikamwona mrefu kuliko sisi wote.

"Mimi niliozwa saa njema, wifi. Mnajimu wenu mwenyewe aliitafuta. Mliahirisha harusi mara mbili mkiisubiri, unakumbuka? Wewe ndiye uliyenipamba. Saa njema kuliko zote, mlisema. Nikakaa na kaka yako miaka minne." Akaliachia pindo la sari. "Sina ugomvi na mtu. Ila saa njema nimeshaiona kazi yake. Leo acha niijaribu hii nyingine."

Shangazi Dhanakodi akakaa tena ukutani. Machozi yalimtoka ghafla, makubwa, ya mtu aliyefiwa na kaka na hajawahi kupata nafasi ya kumlilia kwa sababu kulikuwa na mtoto wa kulisha. Kathir akamshika bega. Shangazi akamsukuma, kisha akamvuta, akamkumbatia.

Mimi nilitoa simu. Nikakosea namba ya mama yangu mzazi, nikapiga tena.

"Mama," nikasema, "kaanga bajia."

Kwetu wakija kumwona binti wanakaribishwa na bajia na halua ya semolina, toka enzi na enzi. Binti wa umri wangu akikwambia ukaange bajia Jumapili jioni, humuulizi maana yake.

"Yalini," mama yangu alisema polepole, "saa hii ni ya nani, unajua?"

"Najua. Nao wanajua. Wanakuja."

Nikasikia sufuria ikianguka, na mama akimwita baba kwa jina, jambo ambalo halifanyi kamwe.

Mama Visalakshi alikuwa amenisogelea, akanigusa mkono ulioshika simu.

"Mwambie apunguze pilipili," alisema. "Shangazi yenu ana vidonda vya tumbo."

Yenu. Nilirudia maagizo kwa mama yangu kwa sauti iliyonitoka kama ya mtu mwenye mafua. Kathir alikuwa ananitazama juu ya kichwa cha shangazi yake, na sikuona haya kumtazama nami, ufuo mzima ukituona.

"Vidonda vyangu anatangaziwa nani?" Shangazi alijipangusa uso kwa pindo la sari, akashuka ukutani, akainua mkono kusimamisha bajaji. Ilipofika aliingia wa kwanza, akakaa katikati.

"Haya, pandeni," alisema. "Bajia zikipoa hazifai."